Kabla ya Kununua Kompyuta ya Duka

Dada yetu mmoja, muuza nafaka huko Kehancha, kaunti ya Migori, aniuliza: je, atoe mtaji wake wote anunue kompyuta ya mauzo? Ameambiwa kwamba pasi na mtambo huo hawezi kutoa ankara za eTIMS. Namjibu hapa, kwani si yeye peke yake.

Dada yangu, tulia kwanza. Tangu Januari 1, 2024, gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS kwa kawaida hazikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato. Ndipo wanunuzi wako wakubwa wakazidai. Lakini programu za eTIMS hutolewa bure na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, na mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa kwa VAT aweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida, akibonyeza *222#.

Ukiitaka kompyuta kwa sababu nyingine, andika pia intaneti ya kila mwezi, umeme, karatasi za risiti na nauli ya fundi. (Mimi mtambo wangu wa risiti ulilala kabatini mwaka mzima kwa kukosa karatasi!) Jumla hiyo ilinganishe na faida ya msimu mbovu, si ya mavuno. Ikizidi, mtaji na ubaki katika magunia.