Kumkumbuka Aliyeanguka Mkarafuuni



Vijana wa chama chetu wameleta shauri kwamba kabla ya kuanza msimu ujao yafanywe matembezi ya hisani kwa kumkumbuka mwenzetu aliyeanguka mkarafuuni msimu uliopita akafariki. Wataka watu waende kwa miguu kutoka kijijini kwake mpaka hospitali, njia ile ile aliyopitishwa siku ile, na kila mwendaji achangiwe na jamaa na jirani zake kwa kadiri ya uwezo wao. Baadhi ya wazee wamelipokea shauri hili kwa furaha. Wengine wameuliza: marehemu amekwisha somewa hitima, na watu wameondoka matangani, je, miguu yetu itamfaa nini? Swali hili ni la haki, na lastahili jawabu.

Kwanza twasema kuwa matembezi hayachukui mahala pa dua. Hitima itabaki kuwa hitima. Lakini kwenda kwa miguu kwa ajili ya maiti si jambo geni kwetu. Jeneza likitoka, kila mwanamume hutia bega lake hatua chache, kisha akampokeza mwenziwe, hata asiyemjua marehemu. Hiyo ni hisani ya miguu tuliyoikuta kwa wazee wetu. Tena matembezi yana faida moja zaidi. Mama zetu na dada zetu, ambao kwa desturi hawafuati jeneza, nao wachuma karafuu na kuzichambua, nao wamefiwa. Siku hiyo watapata kwenda pamoja na wenzao.

Wenzetu wa mbali wametangulia katika jambo hili, na si vibaya kutazama walivyofanya. Mwaka 1977 kijana mmoja wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani, naye ana umri wa miaka 18. Tarehe 12 Aprili, 1980, akiwa na mguu wa bandia, alianza kuivuka nchi yake kwa mbio ili zipatikane fedha za kuyachungua maradhi yale. Alikwenda siku 143, akakata kilomita 5,373, ndipo saratani ilipomrudi mapafuni ikamsimamisha. Alifariki tarehe 28 Juni, 1981. Septemba ya mwaka ule ule watu 300,000 walitoka kwa kumkumbuka, wakakusanya dola za Kanada milioni 3.5, na mpaka leo jambo hilo hufanywa kila mwaka. Kwetu sisi wingi wa fedha si kitu cha kutazamwa sana. La kutazamwa ni kuwa hapana mashindano wala zawadi: awezaye kukimbia hukimbia, na awezaye kutembea hutembea. Na fedha huelekezwa kwa adui yule yule aliyemuua marehemu.

Basi hapo ndipo ilipo rai yetu. Aliyemuua mwenzetu ni nani? Kila mchumaji aijua tabia ya mkarafuu. Ni mti mrefu, na tawi lake huvunjika ghafula bila ya kupinda kwanza. Mchumaji hulipwa kwa kadiri alichochuma, kwa hivyo akiona vishada vimebaki nchani hujinyosha kuvifuata, hata kama mti umerowa kwa mvua ya usiku. Na akianguka, sisi tulio chini humwongezea msiba kwa huruma yetu. Humnyanyua mmoja kwa mikono na mwingine kwa miguu, kisha tukampakia nyuma ya pikipiki. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akikunjwa namna hiyo, miguu iliyokuwa bado ina uhai huweza kufa kabisa. Yapasa alazwe sawasawa juu ya ubao, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, na wamchukue watu wengi kwa hatua moja.

Kwa hivyo twaona matembezi yafanywe, lakini kwa masharti. Jamaa za marehemu waombwe ruhusa kwanza. Fungu la mjane na mayatima litengwe mwanzo, nalo lipelekwe kwa siri, pasiwe na kupigwa picha. Kinachobaki kinunue machela ya ubao kwa kila shehia yenye mikarafuu, pamoja na kamba madhubuti, na watu wafundishwe namna ya kumchukua aliyeanguka. Kikizidi, kiwe akiba ya nauli ya majeruhi na mtu wa kumwuguza wanapopelekwa Unguja, kwani tangu mwaka 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja ina mahala maalumu pa kupasua ubongo na uti wa mgongo. Hesabu isomwe mbele ya wanachama, shilingi kwa shilingi. Ama fulana zenye sura ya marehemu, na vipaza sauti, na biriani ya wageni, hivyo tuviache. Fedha ya sadaka ikiliwa na sherehe, marehemu hakukumbukwa.

Tumefundishwa tangu chuoni kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Machela iliyotundikwa ukutani kwa sheha, kila imchukuapo mtu akapona, itakuwa sadaka ya namna hiyo, na jina la mwenzetu litatajwa kwa kheri na watu wasiopata kumwona.

Neno la mwisho ni letu sisi wenye mashamba. Mtu aweza kutembea njia nzima na kuchangia fedha nyingi, kisha kesho yake akamwamrisha mchumaji apande mti uliorowa, au akamparamisha mtoto wa skuli kwa kuwa ni mwepesi. Huyo miguu yake imekwenda bure. Mchumaji akisema tawi hili silo, tumsadiki, na karafuu za nchani zivutwe kwa upembo au ziachwe ziharibike. Pishi moja ya karafuu haifiki thamani ya mtu.

Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano ujao wa wanachama wote. Twaomba kila mmoja afike na rai yake, akubaliye na akataaye, kwani la wengi halikosi jambo. Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzetu, na awalinde watakaopanda msimu ujao. Amin.