Damu na Ndoa: Nani Awaeleze Wananchi?

Yapo maradhi ambayo hayatoshelezwi na sindano. Hapana budi yaelezwe kwa maneno. Selimundu ni mojawapo. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini Tanzania kila mwaka.

Huku Arash, katika nchi ya Wamasai wilayani Ngorongoro, maradhi haya si ya kawaida. Daktari Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, aliona chembe hiyo ya urithi ni nyingi pwani na ziwani, penye malaria, na ni haba kwa Wamasai. Mwaka 1954 alibainisha kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Lakini mwalimu wa Pemba au Mwanza akipangiwa kazi huku, damu yake huja naye. Mwanawe akivimba vidole na kulia usiku kucha, jirani atasema amerogwa, na mama ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Huo ni uzushi. Mtoto hapati selimundu ila arithi kwa baba na kwa mama pia. Wote wawili wakiwa wabebaji wa chembe hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kila mimba, twasisitiza. Maana wako wanaodhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wafuatao wamesalimika.

Marekani, Chuo cha Sarah Lawrence kilianza mwaka 1969 kufundisha washauri wa mambo haya. Kwetu kazi hiyo humwangukia muuguzi mwenye foleni mlangoni. Mpango wa selimundu wa Muhimbili, ulioanza mwaka 2004, wastahili sifa. Lakini Muhimbili iko mbali na Arash, na mbali vilevile na Micheweni.

Saudia imelazimisha upimaji kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, ila uamuzi wa kuoana imewaachia wachumba. Ndivyo ipasavyo. Mshauri si kadhi: hafungi ndoa wala haivunji. Hueleza hatari na hutunza siri. Binti ambaye majibu yake yamesomwa barazani huenda asiposwe, na wenzake hawatakubali kupimwa tena.

Tunaziomba Wizara za Afya za Bara na Zanzibar zitenge fungu la mishahara ya washauri hao katika hospitali za wilaya, zikianzia visiwani na mikoa ya ziwa, na waganga wa huku nyandani wafundishwe kuitambua selimundu wanapoletewa mtoto wa mtumishi mgeni.