MASHAURI KWA WENYE MAGARI: Kuinua Lori Upande wa Mbele

Wasomaji, mvua ya Aprili inaponyesha huku Longisa, njia za udongo ziendazo mashambani hugeuka matope, na wenye malori wachukuao majani ya chai na maziwa hutamani matairi makubwa zaidi. Kwa kuwa matairi hayo hugusa madigadi usukani ukikatwa, fundi huombwa ainue springi za mbele. Yafaa kwanza kufahamu jambo moja.

Katika malori yenye springi za bapa, springi huinua bodi tu. Ekseli hubaki pale pale. Kiinuacho ekseli ni tairi, nalo huiinua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Ukiondoa tairi lenye kimo cha inchi 28 na kutia la inchi 30, umepata inchi 1 tu.

Inchi hiyo ina gharama yake. Mita ikionyesha kilomita 70 kwa saa, gari laenda 75. Breki nazo huzidiwa na kazi. Tena lori lililoinuliwa, likijaa mzigo, hupinduka upesi zaidi penye kona na miteremko.

Basi, mwenye kuazimia na ahakikishe kwamba mabomba ya breki hayavutiki usukani ukikatwa hadi mwisho, taa zimeshushwa zisimpofushe ajaye, na magurudumu yamepimwa upya. Lakini mara nyingi minyororo ya matairi na mzigo mwepesi hutosha. Juu ya mizigo hiyo hupanda watu, na uhai wao wapita thamani ya inchi moja.