Fedha ya Exeter ina mihuri mitano, pembe yake haina hata mmoja

Wakusanyaji wa vyombo vya kale vya fedha nchini Uingereza ni watu wa kukagua. Fedha hapa ni ile madini nyeupe, si makuta. Mpe mmoja wao birika la chai lililotengenezwa Exeter mwanzoni mwa karne ya 19, naye kabla hajalisifu atalipindua, atatoa lenzi mfukoni na kuanza kusoma. Ngome yenye minara mitatu: mji wa Exeter. Simba anayetembea: fedha ni safi, sehemu 925 katika kila 1,000. Herufi moja: mwaka. Kichwa cha mfalme: ushuru umelipwa. Herufi za mwisho: sonara aliyekitengeneza chombo. Mihuri mitano midogo, na birika limekwisha kujieleza.

Kwenye mkono wa birika kama hilo mara nyingi kuna vipande viwili vyeupe, vimebanwa kati ya fedha na fedha ili joto la maji lisimuunguze anayemimina. Ni pembe za tembo. Havina mhuri wowote, na wakusanyaji hawakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo mpaka serikali yao ilipoingilia biashara.

Wengi wa watu hawa hawaihangaikii fedha ya London. Ya London ni nyingi. Wanatafuta ile ya miji ya mikoani: York, Newcastle, Chester, Norwich, Exeter, na hata miji ambayo haikuwahi kuwa na ofisi ya kupima fedha, ambako masonara waligonga alama walizojibunia wenyewe. Hull iligonga herufi H na mataji matatu ya mji. Leeds ilichagua kondoo anayening'inia. Taunton ndiyo inayochekesha: herufi T pamoja na pipa, kwa sababu pipa kubwa kwa Kiingereza cha zamani liliitwa "tun", basi mwenye kusoma akapata jina la mji. Kijiko kidogo chenye pipa hilo kinaweza kumgharimu mnunuzi mara kadhaa ya bei ya kijiko cha London cha umri uleule na uzito uleule. Fedha ni ileile. Kinacholipiwa ni mahali.

Mapenzi hayo ya mahali yana historia ndefu. Mwaka wa 1300 sheria ya mfalme Edward I iliamuru kwamba vyombo vya fedha visiwe duni kuliko sarafu, na kwamba vipigwe alama ya kichwa cha chui. Mwaka wa 1423 Bunge likataja miji saba nje ya London iliyoruhusiwa kuwa na alama yake. Kisha mwaka wa 1697, ili kuwazuia masonara kuyeyusha sarafu za nchi na kuzigeuza sahani, kiwango kikapandishwa hadi zaidi ya sehemu 958 katika 1,000. Walioandika sheria hiyo mpya hawakuipa mikoa nafasi yoyote. Kwa takriban miaka minne sonara wa York au Exeter hakuwa na njia halali ya kupigisha mhuri katika mji wake. Ilibidi Bunge lirudi mezani, na kuanzia 1701 ofisi za York, Exeter, Bristol, Chester na Norwich zikatambuliwa. Newcastle ikaongezwa mwaka uliofuata.

Birmingham ilingoja zaidi. Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa mjini humo, alilazimika kupeleka vyombo vyake Chester, safari ya zaidi ya kilometa 100 kwa mikokoteni na barabara za wakati ule, na vingine vilirudi vimekwaruzwa na kupindwa. Masonara wa London walipinga vikali asipewe ofisi karibu naye. Alishinda mwaka wa 1773: Birmingham ikapewa nanga kuwa alama yake, na Sheffield, iliyoomba pamoja naye, ikapewa taji. Ofisi hizo mbili zinafanya kazi hadi leo. York ilifungwa 1858, Exeter na Newcastle mwanzoni mwa miaka ya 1880, Chester mwaka wa 1962, na kufungwa huko ndiko kunakozidisha bei ya vilivyobaki.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa alama? Kwa sababu jicho halioni. Fedha safi na fedha iliyochanganywa shaba nyingi zinaweza kung'aa sawasawa juu ya meza. Mhuri ulikuwa neno la mtu wa tatu, ambaye si muuzaji wala mnunuzi. Waingereza walilichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba katikati ya karne ya 18 mtu aliyeghushi mhuri wa fedha aliweza kunyongwa. Wakaaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa sana hapa. Wanazijua etiketi zinazofungwa kwenye magunia ya coltan na kasiteriti, na wanajua pia, kama ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilivyoeleza zaidi ya mara moja, kwamba etiketi ya mgodi halali inaweza kufungwa kwenye gunia lililotoka kwingine kabisa.

Ila gunia la coltan lina etiketi ya kubishania. Pembe haikuwa nayo.

Na pembe haikuwa kitu cha pembeni katika ufundi huo. Sheffield, mji wa visu, iliila kwa tani. Mipini ya visu vya mezani, vya matunda, vya samaki, vya keki: nyeupe, au iliyotiwa rangi ya kijani kama ilivyopendwa karne ya 18. Pete za kuzuia joto kwenye mabirika na majagi ya kahawa. Vifundo vya kushikia vifuniko. Sehemu kubwa ya pembe za zamani ilitoka pwani ya Afrika Magharibi. Baadaye, katika karne ya 19, Zanzibar ikawa mlango mkubwa, na pembe zake zilifika kwenye minada ya London ambako watengeneza visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Nyuma ya Zanzibar kulikuwa na Tabora na Ujiji, na nyuma ya Ujiji kulikuwa na Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Misafara ya Tippu Tip na wenzake ilipanda hadi huko kuanzia miaka ya 1860 kutafuta pembe na watu, na mara nyingi waliotekwa ndio waliopewa pembe wazibebe. Livingstone alikuwapo Nyangwe mwezi wa Julai 1871 watu walipopigwa risasi sokoni na wengine kuzama mtoni Lualaba wakikimbia. Kiswahili chenyewe kilipanda Maniema kwa njia hiyohiyo, miguuni mwa misafara hiyohiyo. Baada ya 1885, chini ya Leopold II, pembe za Congo zikaanza kushuka upande wa magharibi, na kabla ya karne kwisha Antwerp ilikuwa soko kuu la pembe Ulaya.

Kwa hiyo kisu cha samaki cha Sheffield chenye taji na herufi ya mwaka wa 1880 kinaweza kuwa na Maniema mkononi mwake. Kinaweza pia kuwa na Sudan, au Gabon. Ubapa unataja mji, mwaka na fundi. Mpini umenyamaza.

Sheria ya Uingereza kuhusu pembe ilipitishwa mwezi wa Desemba 2018 na ikaanza kufanya kazi tarehe 6 Juni 2022. Inakataza kununua na kuuza karibu kila kitu chenye pembe ya tembo, bila kujali umri wake. Mwaka wa 2025 ikapanuliwa hadi kwa meno ya kiboko na wanyama wengine. Kuna milango michache iliyoachwa wazi. Chombo kilichotengenezwa kabla ya 1947, chenye pembe isiyofika asilimia 10 ya ujazo wake, kinaweza kuuzwa kikisajiliwa kwa pauni 20. Birika la Exeter hupita hapo bila shida. Visu vya mezani vyenye mpini mzima wa pembe kwa kawaida havipiti. Mwenye navyo anaweza kuvitumia, kumpa zawadi ndugu yake, au kuwaachia watoto urithi. Kuviuza hawezi.

Wafanyabiashara wa vitu vya kale na wakusanyaji waliungana, wakaipeleka serikali mahakamani, wakashindwa mwaka wa 2019 na tena katika rufaa mwaka wa 2020. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Tembo wa mpini wa mwaka wa 1790 alikufa zamani, walisema; kuzuia kisu chake kuuzwa hakumrudishi, na kitu kisicho na bei huishia jalalani. Hilo la mwisho lina uzito. Visu vingi vizuri vitalala kwenye droo hadi mjukuu asiyejua thamani yake avitupe.

Lakini hoja hiyo inasahau kwamba soko la pembe ya kale ndilo lililokuwa kificho cha pembe mpya. Kukadiria umri wa kipande cheupe kwa macho ni kazi ngumu, na mtu anayetaka kuuza pembe ya juzi hutafuta soko ambalo ya zamani inauzwa bila maswali. Bei hiyo inalipwa hapa. Hifadhi ya Garamba, Haut-Uele, ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000 miaka ya 1970. Leo hawafiki 2,000, na walinzi wengi wameuawa wakiwalinda. Tembo wa msituni, yule wa Salonga na Okapi, tangu 2021 yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Mbele ya hesabu hiyo, droo zilizojaa visu Sheffield ni hasara inayovumilika.

Kinachoshangaza zaidi si upinzani wa wakusanyaji. Ni utulivu wao wa muda mrefu kabla yake. Hawa ni watu wenye vitabu vinene vya mihuri. Kile cha Charles Jackson kilichapishwa mwaka wa 1905 na bado kinatumika, kikiwa kimerekebishwa. Wanaweza kubishana jioni nzima kama ngome fulani ni ya Exeter au ya Newcastle. Wanalipa zaidi kwa sababu ya mahali, na mahali tu. Halafu sehemu ya chombo iliyosafiri mbali kuliko zote, iliyogharimu maisha ya mnyama na mara nyingine ya binadamu, huandikwa kwenye katalogi kwa maneno mawili: "mpini, pembe". Sheria nayo haiwasaidii sana. Inauliza pembe ni kiasi gani na ni ya lini. Haiulizi ilitoka wapi.

Njia za kuuliza zipo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wamechora ramani ya DNA ya tembo wa Afrika, inayowawezesha kusema shehena ya pembe iliyokamatwa bandarini ilitoka eneo gani la bara. Kupima namna hiyo kunahitaji kukwangua kipande, na hakuna atakayekwangua kila kisu cha keki. Lakini makumbusho yenye seti nzima za visu vya Sheffield yanaweza kutoa mpini mmoja uliovunjika tayari. Vitabu vya hesabu vya watengeneza visu na vya minada ya London vinaweza kusomwa kwa bidii ileile inayotumika kutafuta herufi za sonara wa Barnstaple. Na mwenye birika asishawishike kung'oa pete za pembe na kutia plastiki ili auze haraka: hapo atakuwa amefuta ushahidi pekee uliobaki, na chombo chenyewe kitakuwa kimeharibika machoni mwa wakusanyaji wenzake.

Wakati wa kuandika katalogi ijayo, wenye mnada wanajua tayari kuandika mji, mwaka, sonara na uzito kwa gramu. Baada ya hapo waongeze mstari kuhusu mkono wa birika: pembe ya tembo, Afrika, na bandari iliyopitia kama inajulikana.