Kabla Hujanunua Modemu ya Mtumba



Mwezi huu tuzungumze juu ya kisanduku kidogo ambacho nyumba nyingi sasa zinakitamani, hata huku kwetu Munanila. Mtoto aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa chuo kwa mtandao. Matokeo ya mitihani yanatazamwa humo humo. Mnunuzi wa tangawizi anataka picha ya mzigo kabla hajatuma gari, na baba aliye kazini mbali anataka kuwaona watoto jioni. Yote hayo yanabebeshwa simu ya mama, ambayo betri yake inakwisha kabla ya chakula cha usiku. Basi tunawaza modemu, na kwa kuwa mpya ni ghali, tunaitafuta ya mtumba.

Si wazo baya. Modemu haina vyuma vinavyosagana, na iliyotunzwa yaweza kudumu miaka mingi. Fedha zetu hupotea kwa njia nyingine: tunanunua kisanduku ambacho si cha aina yetu.

Mezani kwa muuzaji, iwe Kasulu mjini au Kigoma, visanduku vyote hufanana: vina taa ndogo na antena kama pembe. Kigeuze nyuma utazame matundu. Chenye tundu dogo la waya wa simu ya mezani kilitengenezwa kwa ajili ya laini za simu za zamani. Chenye tundu la faiba, ambalo mara nyingi ni la rangi ya kijani, ni cha nyumba iliyovutiwa waya wa mkonga, na huenda bado ni mali ya kampuni iliyomfungia mteja. Nyumba isiyofikiwa na waya haina matumizi navyo, hata ukipewa bure. Sisi tunahitaji chenye nafasi ya kuingiza laini ya simu. Muuzaji akikuambia "kitakubali tu, mama", mwombe akiwashe mbele yako.

Kisha soma karatasi iliyobandikwa chini yake. Iwe na maneno 4G au LTE. Kilichoandikwa 3G peke yake kiache, hata kwa bei ya kutupa. Ukiona "Cat 4", maana yake chaweza kupokea hadi megabiti 150 kwa sekunde. Kwa nyumba ya watoto wanne watano hiyo inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kuongeza fedha kwa namba kubwa zaidi, kwani mnara wenye watu wengi mara nyingi hautakupa hata nusu ya hiyo. Afadhali ulipie chenye matundu ya kufungia antena ya nje, maana sisi tunakaa kwenye milima na mabonde, na mlima mmoja ukisimama kati yako na mnara, taa zote za kisanduku ni mapambo tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa nyumbani, kabla ya safari ya mjini, nayo haina gharama. Azima laini za mitandao mbalimbali kwa jirani na ndugu. Zunguka nazo nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, ukiangalia ni ipi inayoshika 4G vizuri na ni upande gani. Fanya hivyo mchana, kisha rudia saa mbili usiku, wakati watu wengi wako hewani. Tulio karibu na mpaka tuangalie pia kama simu haikamati mtandao wa Burundi, maana gharama zake ni nyingine. Modemu itakapofika, izimiwe ruhusa ya kutumia mitandao ya nje.

Ukishajua mtandao ulio bora, nenda dukani na laini ya mtandao huo, yenye kifurushi. Modemu nyingine zilifungwa zikubali laini za kampuni moja tu. Weka laini yako, unganisha simu, fungua picha ya video, na uiache iwake nusu saa. Ikizima yenyewe au ikitoa harufu ya kuungua, shukuru uondoke. Tazama chaja nayo: volti zilizoandikwa juu yake zilingane na zilizoandikwa kwenye kisanduku. Wenye sola wasiunge modemu ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri, maana betri inapochajiwa hupanda kupita volti 14. Tafuta kifaa cha kutuliza umeme.

Liko jambo la dhamiri pia. Kila modemu ya laini ina namba ya IMEI ya tarakimu 15, kama simu. Itume kwa ujumbe kwenda 15090. Jina la kifaa utakalojibiwa likiwa tofauti na lile unaloliona, usinunue. Hilo halitoshi kukuhakikishia kwamba hakikuibwa, kwa hiyo dai risiti yenye jina na simu ya muuzaji, na mwandikiane kwamba kisiposhika mtandao kijijini utakirudisha katika siku kadhaa. Anayekataa kuandika jina lake amekwisha kujibu swali lako.

Sasa kuna hii waifai ya meshi inayosifiwa sana: visanduku viwili au vitatu vinavyopokezana mawimbi, ili simu ishike kila chumba kwa jina moja la mtandao. Ni kitu kizuri kwa nyumba kubwa ya kuta nene za matofali ya kuchoma, au yenye jiko na vyumba vya watoto uani. Lakini tuelewane: meshi hugawa kile kilichoingia, haiongezi. Kama modemu inapokea mtandao hafifu, vyumba vyote vitapata uhafifu ule ule. Tena visanduku vya mtumba vina mtego. Vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani, na vingine hubaki vimeandikishwa kwa mwenye navyo wa kwanza, visikubali mtu mwingine mpaka yeye avifungue. Nunua seti nzima, kutoka mkono mmoja, ikiwashwa mbele yako. Cha pili kikae katikati ya njia, kisiwekwe kule kusikoshika, maana nacho lazima kisikie ili kipokeze.

Kwa maoni yetu nyumba nyingi za vyumba vitatu vinne hazihitaji meshi. Weka modemu juu, karibu na lile dirisha ulilolipata kwa kuzunguka, mbali na kabati la chuma, na uchague masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya ukuta kuliko yale ya 5. Chumba cha uani kikibaki gizani, vuta waya mpaka kwenye ruta kuukuu iliyowekwa huko. Si kitu cha kifahari, lakini hufanya kazi.

Kabla ya yote hayo, kaa na mwenzio mpige hesabu ya mwezi, kwa sababu kisanduku hununuliwa mara moja na kifurushi kila mwezi. Video yenye picha safi sana yaweza kula gigabaiti 3 kwa saa moja. Saa moja kila siku kwa siku 30 ni gigabaiti 90, na hapo hatujamtaja mtoto wa pili. Ukipunguza ubora wa picha, saa hiyo hiyo yaweza kutumia gigabaiti 1 au chini yake.

Siku ya kwanza nyumbani, bonyeza kile kitufe cha ndani kwa kijiti, kama sekunde 10, ili ya mwenye navyo wa kwanza yafutike. Weka neno la siri jipya, la waifai na la ukurasa wa kuiendeshea modemu, na kwenye usalama uchague WPA2 au WPA3. Isiyokuwa nayo ni ya kizamani mno. Modemu nyingi zina nafasi ya kupanga saa za kuzima watoto wanapolala. Ipange wewe na baba yao, na neno la siri mlijue ninyi wawili tu.