Kitumbua cha Idi kwa Asiyekula Ngano

Ndugu wasomaji, siku ya Idi hapa Kyela watoto huzizunguka meza za maandazi na kalimati. Tumemwona mmoja amesimama kando, mikono mitupu: ngano humdhuru tumbo, na maziwa vilevile. Tusiseme anadeka. Daktari Mholanzi Willem Dicke alikwisha kueleza mwaka 1950 kwamba wako watoto ambao ngano kwao ni maradhi.

Dawa ya huzuni hiyo imo ghalani mwetu. Roweka mchele wa Kyela vikombe 2 usiku kucha. Uchuje, uusage laini pamoja na tui zito la nazi, kikombe 1, sukari, iliki na hamira kidogo. Uache uumuke, kisha uchome katika kikaango cha vitumbua.

Lakini angalieni: msitumie mafuta yaliyokwisha kukaangiwa maandazi, wala mashine yenye vumbi la ngano, kwani hata chembe humdhuru.

Tena msimpikie peke yake, akala kama mgonjwa. Pikeni sinia zima, nyumba nzima ile hicho hicho, Idi isiwe na mtoto wa kando. Wassalaam.