Kuyumba si kulewa: tupime mbele ya kufukuza

Mu miji yetu ya migodi, mutu akianza kuyumba njiani asubui, watu hawakosi jibu. Kama ni mwanaume: «Alilala mu pombe.» Kama ni mama: «Balimuloga.» Ku kazi, shefu anaandika jina, na kesho yake watoto hawana chakula. Hakuna hata mumoja aliyeuliza: miguu yake ina nini?

Kuna ugonjwa wenye kuyumbisha mutu pasipo pombe. Wanganga wanauita sclérose en plaques. Jean-Martin Charcot aliueleza wazi kule Paris mwaka 1868. Ninyi mafundi wa umeme mutauelewa upesi. Neva za mwili ni kama kable, na kila kable ina nguo yake ya inje. Mu ugonjwa huu, nguvu za mwili zenye kupiganisha mikrobe zinageuka na kula ile nguo. Basi habari ya kichwa inachelewa kufika ku miguu, ao haifiki. Joto inazidisha mambo, na mu shimo joto haikosekani. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, na unashika wanawake kupita wanaume. Mu nchi za joto hauonekane mingi kama Ulaya, lakini upo.

Siku hizi kuna kamashini kadogo, kapteri, yenye kufungwa na mukaba ku kiuno na ku miguu. Mugonjwa anasimama wima, macho wazi, kisha macho ya kufunga, anatembea, anageuka. Kapteri inahesabu kila mutikisiko, hata ule wenye jicho la munganga haliwezi kuona. Mwaka 2012, wachunguzi wa Oregon, Marekani, walipima wagonjwa wenye kutembea mbio sawa na watu wazima wa afya. Kwa saa ya mukono, hakuna tofauti. Kwa kapteri, tofauti ilionekana: mwili ulikuwa unayumba.

Tusidanganyane: kapteri haitaji jina la ugonjwa. Kuyumba kunaweza kutoka ku masikio, ku sukari, ku njaa. Kazi yake ni kusema mutu anayumba kiasi gani, na kama mazoezi ya munganga yanamusaidia mwezi kwa mwezi. Mutu akijua mapema, anaweza kujilinda mbele ya kuanguka. Na sisi tunajua kuanguka ku ngazi ya shimo ni nini.

Tena, batri nyingi za mashini za namna hii zina kobalti. Wandugu, kobalti hiyo mingi inatoka mu udongo wetu. Mikono yenye kuichimba nayo inastahili kupimwa.

Tunaomba masosiete mambo mawili. La kwanza haliombi hata umeme: mbele ya kuandika «mulevi», munganga amusimamishe mufanyakazi miguu pamoja, macho ya kufunga, aangalie. Ni kipimo cha Romberg, cha zamani sana. La pili: mwenye kuonekana anayumba atumwe ku hopitali, apewe kazi ya juu, asitupwe inje.

Na ninyi wamama, bwana ao binti akianza kujikwaa bila sababu, musikimbilie kutafuta mulozi. Mumupeleke kwa munganga, na mumusindikize.